Mjane wa Filamu ya Alasiri

Kila Jumatano na Jumamosi, watu wakishakula cha mchana, Mfasiri alikuwa akiingia ukumbini kwa mlango wa pembeni, anavua kofia, anaipachika kwenye goti, halafu anakohoa mara moja karibu na kipaza sauti ili mwenye mashine ajue yuko tayari. Kiti chake kilikuwa chini ya pazia la kuonyeshea picha, upande wa kushoto, kimegeuzwa kidogo ili jicho moja lione picha na la pili lione watu. Filamu zilitoka mbali na zilisema lugha ya huko zilikotoka. Yeye ndiye aliyesema kila kitu: mwanamume, mwanamke, daktari, mtoto anayelia, hata mbwa ikibidi. Sauti ya mwanamke hakuibana puani kama wafasiri wengine wanaotaka kuchekesha. Aliishusha tu, akaitoa polepole, na watu wakamsikia mwanamke.

Lugha yenyewe hakuijua sawasawa. Alijua salamu, kuhesabu, na matusi machache. Mengine aliyasoma kwenye nyuso za waigizaji. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyemzidi.

Fundi alikaa safu ya tatu, karibu na njia. Alikuwa mjane wa siku nyingi, bibi wa wajukuu, mwenye cherehani barazani na mkanda wa kupimia shingoni kutwa nzima. Mara ya kwanza aliitwa ukumbini kushona pazia lililopasuka katikati. Alipomaliza alikaa kidogo aone kama mshono wake utaonekana picha zikipita. Haukuonekana. Jumamosi akarudi kuhakikisha, na Jumatano iliyofuata akarudi bila sababu ya kusema.

Filamu ya alasiri ilikuwa ileile daima. Ilikuwa ya mapenzi, lakini ya watu wazima: mtengeneza saa mwenye mvi na mwalimu wa kinanda mwenye nywele fupi, wanaokutana kila mmoja akiwa ameshazoea kula peke yake. Wanapendana taratibu, wanagombana kidogo kuhusu dirisha la kufunga au kuacha wazi, mwanamume anaugua, mwanamume anafariki, mwanamke anabaki kwenye benchi kando ya kaburi. Mwenye Ukumbi alikuwa na filamu nyingine za mbio na bastola, ila hizo alizitunzia jioni. Watu wa alasiri, wengi wao wastaafu, walimwambia asiwasumbue, hii inawatosha.

Siku moja mtengeneza saa alimshika mwalimu mkono akamwambia, "Hiyo bluu imekukaa." Mwalimu kwenye pazia alikuwa amevaa nyeupe. Aliyevaa bluu alikuwa Fundi, safu ya tatu. Akainamisha uso akawa anatazama kucha zake. Dereva mstaafu, ambaye kazi yake siku hizi ilikuwa kukaa safu ya nyuma na kusema, alisema kwamba leo mtengeneza saa ana matatizo ya macho. Watu wakacheka kwa adabu, filamu ikaendelea.

Baada ya onyesho Fundi alisimama kwenye mlango wa pembeni. Alimweleza Mfasiri kwamba amemharibu yule mwanamke wa filamu, mwanamke mtu mzima hasifiwi akanyamaza kama mwari.

"Angesema nini?" Mfasiri akauliza.

"Angesema, wewe unatazama nguo, kazi yako nani anaifanya?"

Jumamosi mwalimu wa kinanda akasema hivyohivyo, kwa ile sauti ya kushushwa, na ukumbi mzima ukasema aah, sasa huyu ndiye mwanamke.

Ikawa hivyo. Waigizaji walifungua vinywa vyao kama walivyofungua siku zote, lakini ndani ya vinywa vile yaliingia mambo ya mtaani: maji yamekatika tangu juzi, goti linauma mawingu yakikaribia, cherehani inakula uzi. Ugomvi wa dirisha uligeuka ugomvi wa Mfasiri kukaa na njaa mpaka magharibi kwa uvivu wa kupika. Mwanamke kwenye pazia alimwambia bwana wake apite nyumbani, chakula kimefunikwa, na saa hiyo hakukuwa na chakula chochote kwenye picha, kulikuwa na treni. Fundi alikuwa akishona asubuhi huku midomo inamcheza peke yake. Wateja walidhani anahesabu vipimo. Kumbe anapanga watu wa filamu waambiane nini Jumatano.

Katika filamu kuna mahali mtengeneza saa anampa mwalimu ufunguo wa nyumba yake. Alasiri moja akiwa ameunyoosha ufunguo, alisema, "Nimechoka kuwa mgeni. Lini utamwambia binti yako?" Mwalimu wa kinanda hakuwa na binti, alikuwa na paka. Watu wakamgeukia Fundi, kisha wakarudisha macho mbele wasimtie haya.

"Mjibu mwenzako, mama," Dereva akasema kutoka nyuma. "Hapa ni pafupi, wanafika hospitali sasa hivi."

Mwalimu alifungua kinywa, akafunga. Hakikutoka kitu, maana Mfasiri alikuwa kimya, anangoja.

Jibu la Fundi Mfasiri alilipata baadaye, kwenye mlango wa pembeni, nalo lilikuwa subiri. Subiri binti ajifungue. Alipojifungua, subiri mtoto aache kunyonya. Mtoto alipoacha kunyonya, mkwe wa binti akaugua, na haifai mtu kuzungumza ndoa nyumba ya watu ikiwa na mgonjwa. Mfasiri hakununa. Kazi yake yote ilikuwa kumngoja mtu amalize kusema ndipo aseme yeye, akazoea. Wapo akina mama wanaodhani kumficha mtu ndiko kumtunza. Fundi alikuwa mmoja wao. Aliona kwamba siku zipo, zimekunjwa kabatini kama shuka, atatoa moja akiihitaji.

Binti yake alikuwa na duka la dawa na alikuwa mtu wa heshima zake. Alipita kwa mama yake kila siku akifunga duka, akakagua dawa za presha kama zimemezwa, akafua, akakunja. Ndiye aliyeliona koti la kijivu la Mfasiri chini ya cherehani.

"Mama, hili koti la nani?"

"La mteja."

"Mteja gani koti lake linalala hapa mwaka mzima?"

Fundi akapiga moyo konde akamwambia. Aliyasema yote kwa mkupuo, macho yako kwenye sindano. Binti hakupandisha sauti. Aliendelea kukunja nguo za watoto, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, akasema, "Mama, una wajukuu. Baba yupo pale ukutani anakutazama. Na mimi wakwe zangu niwaambie nini, kwamba bibi wa watoto anaolewa na mtu wa sinema?"

Picha ya baba ilikuwa ukutani kweli, juu ya redio. Fundi aliitazama. Marehemu mumewe alikuwa anatazama kamera, kama watu wote wanavyotazama kwenye picha.

"Basi, tuyaache," mama akasema.

Binti akamshukuru, akambusu shavuni, akaenda zake. Alikuwa anampenda mama yake sana. Hilo lieleweke, maana watu wakisimulia habari hii humfanya binti kuwa mtu mbaya, na wakimaliza hurudi nyumbani kwao wakafanya vilevile.

Mfasiri aliugua kifua wakati wa baridi. Kukohoa mara moja kukawa kukohoa mara nyingi, mpaka mtengeneza saa kwenye pazia akawa anakohoa tangu onyesho la kwanza la mapenzi, kabla hata ya kuugua kwake kwenye hadithi. Akalazwa. Fundi alimpelekea chakula kwenye kibakuli kilichofunikwa, akawaambia wauguzi yeye ni jirani. Siku ya mwisho alichelewa kwa sababu binti alikuwa na wageni, na alipofika kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa dada wa marehemu. Binti alimsindikiza mama yake, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa mtaani na si vizuri kutoonekana. Mlangoni alisimama dada mtu mwenyewe, macho yamevimba, anapokea watu. Watu wa karibu walikaa ndani, wengine walikaa nje chini ya turubai.

"Karibu, dada," akamwambia Fundi. "Samahani, siwajui watu wote wa kaka. Wewe ulikuwa nani wake?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa mengi, kwa hilo hakujiandaa. Alisikia kiwiko cha binti yake kimegusa cha kwake, kidogo tu, kama mtu anayepita kwenye msongamano.

"Nilikuwa namshonea nguo," akasema.

"Asante kwa kuja. Watu wa kazini kwake wako kule."

Wakaenda kule. Mwenye Ukumbi alikuwepo, na Dereva, ambaye alisogea ampe nafasi na kwa mara ya kwanza hakusema lolote. Fundi alilia kiasi anachopaswa kulia fundi aliyefiwa na mteja, akapangusa macho, akarudi nyumbani kumalizia sare za shule za watu.

Jumatano ukumbi ulifunguliwa. Mwenye Ukumbi alikuwa amemwita mwalimu mstaafu wa lugha aje kufasiri. Yule mwalimu wa lugha akakaa kwenye kile kiti, akawasha kipaza sauti, filamu ikaanza, akafungua kinywa na kukiacha wazi. Watu wa kwenye pazia walikuwa wanazungumza wenyewe, kwa sauti ya Mfasiri. Mtengeneza saa alikohoa mara moja, akamwambia mwalimu wa kinanda kwamba bluu imemkaa. Mwalimu wa kinanda akamjibu, kwa ileile sauti ya kushushwa, kuhusu nguo na kazi. Yule mstaafu alisikiliza mpaka mahali pa treni. Alisema wenye lugha yao hawasemi hayo hata kidogo, ila yeye haoni sababu ya kuingilia mazungumzo ya watu. Akachukua kofia akaenda. Mwenye Ukumbi akazima kipaza sauti kisitumie umeme bure.

Filamu ikafika mazishini. Mwalimu wa kinanda alikuwa kwenye benchi lake kando ya jeneza, amevaa nyeusi. Siku zote hutazama chini. Siku hiyo aliinua uso, akatazama ukumbini, akapitisha macho safu ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu. Kisha akasogea mpaka mwisho wa benchi, akagongagonga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

Fundi akachukua mkoba wake. Watu wakakunja miguu apite. Dereva alitoka nyuma akampa mkono wa kupandia jukwaani, maana hapakuwa na ngazi, akamwambia ainue pindo lisimkwaze. Aliingia pale katikati ya pazia, kwenye mshono wake. Akaufumua kidogo kwa vidole, akapita, akaurudishia nyuma yake, kwa sababu hakuzoea kuacha kazi wazi.

Kule ndani kulikuwa na baridi na miti isiyo na majani. Jeneza lilikuwa halijafungwa, na aliyelala ndani hakuwa mtengeneza saa, alikuwa Mfasiri. Kidevu walikuwa wamemnyoa vibaya. Fundi akatoa koti la kijivu kwenye mkoba, akamvisha mkono mmoja, akamtandazia lililobaki kifuani, akafunga vifungo ambavyo yeye mwenyewe alikuwa ameviimarisha. Hakuna aliyemharakisha.

Msimamizi wa mazishi, mzee mwenye miwani, akauliza, "Mke wa marehemu ni nani?"

Mwalimu wa kinanda alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," Fundi akasema.

Ukumbini mtu mmoja akasema, "Haya." Basi.

Watu wa filamu wakajipanga. Mmoja mmoja walimpa mkono: pole mama, pole kwa kufiwa na mume, alikuwa mtu wa watu. Bibi mmoja mwenye kofia nyeusi, ambaye kwenye hadithi ni dada wa mtengeneza saa, alimshika mabega akamwita wifi yangu. Hapo ndipo Fundi alipolia kilio chake chenyewe, cha mdomo wazi na kamasi. Mwalimu wa kinanda alimpa leso. Udongo uliposhuka alikuwa mbele, mahali pa mke. Taa za ukumbi zilipowaka alitoka kwa mlango wa pembeni, akapita sokoni kununua vitunguu, akafika nyumbani akawasha jiko.

Jumamosi koti lilikuwa limerudi chini ya cherehani. Akalikunja, akalitia mkobani, akaenda tena.

Habari haikukaa. Ukumbi wa alasiri, uliokuwa nusu tupu, ukajaa mpaka watu wakasimama ukutani. Walikuja wake kwa waume, wakalia naye, wakatoka wakiwa wepesi. Wapita njia walisimama barazani kwake wakamwambia tulikuona juzi, pole sana kwa mumeo. Wakimwona binti anakuja kwa mbali, waliuliza suruali yao iko tayari lini.

Binti aliambiwa dukani na mtu aliyekuja kununua dawa ya mafua. Jumatano akafunga duka mapema, akaenda, akakaa nyuma karibu na Dereva. Alimwona mama yake anapanda, anaingia, anafunga vifungo vya koti, anasema ni mimi. Binti alilia mpaka kitambaa kikawa hakifai. Alimwambia Dereva kwamba hajawahi kuona mwanamke aliyempenda mtu namna hii, na Dereva akamwambia yeye ameona kila Jumatano na Jumamosi, miaka.

Walirudi nyumbani pamoja, wameshikana mikono. Jioni ile, chai ikiwa mezani, Fundi aliona mlango wa kusema umefunguka. Alizungumza kwa uangalifu. Hakutaka mengi. Alitaka siku moja, viti barazani, lango liwe wazi, watu wapite wampe pole mchana kweupe, dada wa marehemu aalikwe, na picha ndogo ya marehemu ipate mahali. Si lazima ukutani, hata juu ya kabati.

Binti aliweka kikombe chini.

"Mama, mimi nimeona. Nimelia, umeniona nililia. Lakini ile ni filamu."

"Najua ni filamu."

"Hapa ni kwa baba. Wakwe zangu wanapita lango hilohilo. Wakikuta viti, nitasema nani amekufa?"

 Fundi alikuwa amezoea kwamba jibu likikosekana mlangoni, litapatikana Jumamosi, na atakayelisema ni mwingine. Aliona kinywa chake kimekuwa kizito kama cha mtu anayengoja kusemewa. Binti akasubiri kwa heshima, akaona hapajibiwi, akakusanya vikombe.

Jumamosi iliyofuata binti alirudi ukumbini. Safari hii alikaa mbele. Msimamizi alipouliza na mama kujibu, na watu wa filamu walipojipanga, binti aliinuka, akavua kitambulisho cha kazini chenye jina la duka, akapanda jukwaani. Aliingia kwa ule mshono akashika mstari nyuma ya mpiga tarumbeta wa mazishi. Zamu yake ilipofika alimshika mama yake mikono yote miwili.

"Pole mama," akasema. "Pole kwa kufiwa na mume. Mimi nilijua, na alikuwa mtu mwema kwako."

"Asante mwanangu," Fundi akasema. "Umefanya vizuri kuja."

Wakakumbatiana muda mrefu, hata mwenye mashine akaipunguza kasi. Ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi. Binti akakaa naye kwenye benchi mpaka mwisho, upande wa pili akiwa mwalimu wa kinanda, na udongo ulipokuwa ukishuka alichota wake kwa mkono akatupa, kama mtoto wa marehemu.

Kule kwenye filamu mvua ilikuwa imenyesha, na makaburi ya huko ni ya udongo mwekundu unaong'ang'ania viatuni. Walitembea kurudi bila haraka, binti ameubeba mkoba wa mama. Walipokaribia lango la nyumbani walisikia sauti barazani. Mama mkwe wa binti alikuwa amekuja na wajukuu, anawangoja, amekalia kiti cha cherehani.

Binti akamvuta mama yake pembeni, nyuma ya ukuta. Akapiga magoti pale njiani, bila kujali sketi yake, akamwinua mguu mmoja akauweka juu ya paja lake. Akatoa kitambaa, kile cha kulilia, akamfuta udongo kwenye kiatu, pembeni, kisiginoni, mpaka chini ya soli. Akafanya na cha pili. Alifanya kwa upole, kama anavyomfuta mtoto, na hakuacha hata chembe. Kisha akajifuta vyake, akakunja kitambaa udongo ukiwa kwa ndani, akafungua lango, akasimama kando ili mama atangulie, maana ndiye mkubwa.